Sifa na Ushahidi katika Picha za Florestine Perrault Collins

1. Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili hulitumia neno 'taswira' karibu kila walizungumziapo shairi, lakini ni nadra kuwaona wakiitazama picha iliyopigwa kwa kamera kama kazi ya sanaa yenye fani na maudhui yake. Makala haya yanakusudia kuijaribu njia hiyo kwa kuzichunguza picha za Florestine Perrault Collins (1895–1988), mwanamke Mweusi wa New Orleans, katika jimbo la Louisiana, Marekani, aliyeendesha studio yake mwenyewe tangu 1920 hadi 1949. Maisha na kazi zake zimeelezwa kwa kina na Arthé A. Anthony, mjukuu wa ndugu yake, katika kitabu kiitwacho Picturing Black New Orleans (2012).

Swali letu ni moja. Picha hizi ni za sifa: kila aliyeketi mbele ya kamera alitaka kuonekana mwema, naye mpiga picha alilipwa ili amwoneshe hivyo. Je, sifa ya kulipiwa inaweza kuwa na ukweli? Wahenga walituonya kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na kila aliyesoma tungo za kuwasifu wakubwa anaifahamu shaka hiyo. Tutajaribu kuonesha kuwa sifa haina budi kupimwa kwa kuangalia inamjibu nani, na kwamba kwa kipimo hicho picha za Collins ni ushahidi, ingawa ni ushahidi wenye mapengo.

2. Mazingira ya picha

Mwaka 1892 Homer Plessy, fundi viatu wa New Orleans, aliingia kwa makusudi katika behewa la Wazungu ili kuipinga sheria ya utengano. Mwaka 1896 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua dhidi yake, na ubaguzi ukapata baraka za sheria. Florestine alikuwa amezaliwa mwaka mmoja tu kabla ya uamuzi huo. Katiba ya Louisiana ya 1898 ikaongeza msumari juu ya kidonda: Weusi walioandikishwa kupiga kura, ambao mwaka 1896 walizidi 130,000, walibaki 5,320 mwaka 1900.

Sheria hizo hazikufanya kazi peke yake. Zilisaidiwa na picha. Katika magazeti, katika matangazo ya bidhaa na katika kadi za posta, Mweusi alichorwa kama kikaragosi, mwenye midomo mikubwa na kicheko cha kipumbavu. Hata maiti za watu walionyongwa na makundi ya Wazungu zilipigwa picha, na picha hizo zikauzwa. Kwa hiyo Mweusi wa zama hizo hakukosa kupigwa picha. Alichokosa ni kauli juu ya picha yake.

Majibu yalikuwapo. Frederick Douglass, aliyepigwa picha mara nyingi kuliko Mmarekani yeyote wa karne ya 19, alitoa mhadhara juu ya picha mwaka 1861. W.E.B. Du Bois alipeleka picha 363 za Wamarekani Weusi katika Maonesho ya Paris ya 1900. Collins yumo katika mkondo huo, lakini hatuna budi kuitambua tofauti. Douglass na Du Bois waliukabili ulimwengu. Collins alizungumza na watu wa nyumbani: picha aliyoipiga ilitundikwa ukutani, ikawekwa juu ya meza, au ikatumwa kwa shangazi aliyehamia mji wa mbali. Hoja yake haikumlenga Mzungu, na hilo ndilo linaloipa uzito wa pekee.

3. Msanii na uso wake

Collins alizaliwa katika ukoo wa Wakrioli. Wanaisimu wasomao ukurasa huu hulitumia jina hilo kwa aina ya lugha; katika New Orleans lilitumiwa pia kwa watu wenye asili ya Kiafrika na ya Kifaransa au Kihispania, wengi wao Wakatoliki, na wengi wao wakiwa na rangi ya maji ya kunde au nyeupe zaidi. Alianza kushika kamera akiwa na umri wa miaka 14. Ili ajifunze kazi barabara aliajiriwa na wapiga picha Wazungu, nao walimdhania kuwa Mzungu mwenzao. Hakuwasahihisha.

Hapa pana kinaya ambacho mhakiki hawezi kukipita. Mwanamke aliyekuja kuzionesha nyuso za watu wake alijifunza kazi hiyo kwa kuuficha ukoo wa uso wake mwenyewe. Hatumlaumu, maana mlango aliupita kwa hila kwa sababu ulifungwa kwa dhuluma. Hata hivyo yafaa isemwe wazi kuwa hila hiyo haikuweza kutumiwa na kila mtu. Msichana mwenye kipaji kama chake, lakini mwenye ngozi nyeusi zaidi, angerudishwa mlangoni. Mtaji wa kwanza wa studio hii, kabla ya kamera na taa, ulikuwa rangi ya ngozi.

Mwaka 1920 alifungua studio katika sebule ya nyumba yake, wakati ambapo desturi ilimtaka mwanamke aliyeolewa asitoke kwenda kutafuta kazi. Katika sensa ya mwaka huo wanawake Weusi 101 tu katika Marekani nzima walijitambulisha kuwa wapiga picha. Baadaye alihamia mtaa wa South Rampart, uliokuwa kitovu cha biashara za Weusi mjini. Matangazo ya studio yake yalibeba picha yake mwenyewe, kwani aliamini kuwa wazazi wangemwamini zaidi mwanamke kuwapiga picha watoto wachanga. Uso uliofichwa kazini kwa Wazungu sasa ukawa bango la duka. Kizuri chajiuza, husema Waswahili, lakini mwanamke huyu alijua kuwa katika mji ule hata kizuri hakina budi kutangazwa.

4. Fani

Picha za studio yake ni za aina chache zinazojirudia: msichana wa Komunyo ya Kwanza, bibi harusi, kijana wa mahafali, askari aliyerudi vitani, mtoto mchanga. Mavazi ni bora aliyonayo mtu, mkao ni wa utulivu. Mtu anaweza kudhani kuwa marudio hayo ni udhaifu. Lakini sisi tunaoheshimu vina na mizani hatuna haki ya kusema hivyo. Kanuni ya utungo haimnyimi mshairi sauti yake; humpa mahali pa kuisikizisha. Vivyo hivyo katika picha hizi: kwa kuwa vazi na mkao ni vya kawaida, jicho la mtazamaji hukimbilia usoni, na huko ndiko tofauti ya mtu na mtu inakopatikana.

Jambo kubwa zaidi la kifani ni kile kisichokuwamo. Wanawake wengi Weusi wa mji huo waliishi kwa kufua, kupika na kulea watoto katika nyumba za Wazungu. Katika picha ya studio hamna beseni, hamna ufagio, hamna sinia. Aliyeketi pale hamtumikii mtu yeyote. Kwa muda wa pozi moja yeye ndiye anayehudumiwa, na anahudumiwa na mwanamke Mweusi mwenye duka lake.

5. Suala la tabaka

Wapo watakaosema kuwa hizi ni picha za tabaka dogo la wenye nacho, lililoiga adabu za mabwana na kuwasahau wanyonge. Hoja hii ina uzito. Aliyekosa ada ya studio hakupigwa picha. Kiatu kinachong'aa hakisemi kilinunuliwa kwa siku ngapi za kufua nguo. Na jamii ya Wakrioli yenyewe ilikuwa na ngazi zake za rangi, ambazo picha ya sifa haikuzivunja.

Pamoja na hayo, hoja hiyo inakosea inapodai kuwa sifa ni uongo. Vazi la Jumapili ni la mtu yule yule, na Jumapili nayo ni siku ya juma kama Jumatatu. Zaidi ya hapo, yafaa kutofautisha sifa mbili. Malenga anayelipwa na mtawala humwongezea aliyekwisha kuzidishiwa. Collins aliwasifu watu ambao sheria, gazeti na kadi ya posta viliwapunguzia kila siku. Methali ya mgema humhusu yule ambaye tembo lake limekwisha onjwa na kupendwa. Watu hawa tembo lao lilitangazwa kuwa halinyweki kabla halijaonjwa.

6. Hitimisho

Kwa ufupi, picha za Collins hazituelezi maisha yote ya Weusi wa New Orleans, wala si haki kuzidai kazi hiyo. Zinatueleza jinsi watu fulani walivyotaka wakumbukwe, katika zama ambazo wengine walikuwa wamekwisha kuwaamulia. Huo ni ushahidi wa kihistoria usiopatikana katika hati za mahakama.

Funzo liko pia kwa uhakiki wetu. Tumezoea kuzitupa tungo za sifa katika fungu moja na kuziita za kujipendekeza. Kabla ya kufanya hivyo tena, yatupasa kuuliza maswali mawili: sifa hii ilikuwa ikimjibu nani, na nani alikosa nauli ya kuufikia mlango wa msifu? Mhakiki anayeliuliza swali la kwanza tu atageuka kuwa msifu mwingine. Anayeliuliza la pili peke yake hatamwona mtu aliyeketi mbele yake, amevaa vizuri, akingoja kupigwa picha.