Kuwajibika Si Kujiuzulu: Uhakiki wa Usemi wa Bunge Kuhusu Mkataba wa Richmond

Uhakiki huu unachunguza kitenzi kimoja, "kuwajibika", katika mjadala wa Richmond uliofanyika bungeni Dodoma Februari 2008. Ukame ulikuwa umepunguza maji katika mabwawa ya kuzalishia umeme, likiwamo Mtera, na mwaka 2006 kampuni hiyo ikapewa mkataba wa dharura wa megawati 100. Kamati Teule iliyoongozwa na Harrison Mwakyembe ilibainisha ukiukwaji wa taratibu za zabuni. Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu, akilalamika kwamba kamati haikumhoji. Katika siasa zetu, kitenzi hicho kitokanacho na wajibu aghalabu hufinywa kikawa kisawe cha kujiuzulu. Hoja yetu ni kwamba ufinyu huo huisitiri kampuni: kiongozi huondoka, mkataba hubaki. Mkataba huo ulikuwa umekwisha kuhamishiwa Dowans, na mwaka 2010 mahakama ya kimataifa ya usuluhishi wa biashara iliiamuru TANESCO iilipe Dowans fidia. Neno "fisadi" nalo humtaja mtu, si utaratibu. Hivyo, msomaji wa Majadiliano ya Bunge hana budi kuuliza: nani amewajibika, kwa nani, na kwa lipi?