Mauzo ya Gesi Huanza Mtungi wa Kwanza Unapoisha

Mama lishe wa Mbuyuni au Kiborloni, mjini Moshi, hununua moto wa siku. Asubuhi anachukua sado ya mkaa, na jioni hela ya chai, makande na wali inanunua sado ya kesho. Muuzaji wa gesi akija na mtungi wa kilo 15, anamtaka alipie moto wa siku nyingi kabla hajauza sahani hata moja. Wauzaji wengi husema wanawake hawa wanaogopa gesi isilipuke. Woga upo kweli, lakini ukimfundisha kufunga regulata na kupima mpira kwa povu la sabuni, unapungua siku hiyohiyo. Kinachobaki ni suala la mtaji.

Kwa nishati, gesi inashinda waziwazi. Kilo moja ina takriban megajuli 46, na jiko zuri hufikisha zaidi ya nusu yake kwenye sufuria. Kilo ya mkaa ina kama megajuli 29, lakini jiko la bati hupoteza nyingi; tukikadiria kwamba moja ya tano ndiyo inayopika, kilo ya gesi inafanya kazi ya kilo nne hivi za mkaa. Hesabu hii ifanyike kibandani, kwa mkaa aliouchoma jana na bei aliyoulipia. Kipeperushi cha kampuni hakimshawishi mtu anayejua matumizi yake kwa kichwa.

Dar es Salaam, kampuni ya KopaGas iliufikia mzizi wa tatizo. Ilifunga mita kwenye mtungi, mteja akalipa kwa simu kiasi alichonacho, na gesi ikatoka kwa kiasi hicho. Mwaka 2020 kampuni ya Circle Gas ilinunua teknolojia hiyo kwa dola milioni 25. Kwangu, ubunifu mkubwa wa KopaGas ulikuwa kipimo: gesi ikanunulika kidogokidogo, kama mkaa wa kopo.

Ugawaji wa mitungi ya kilo 6 bila malipo, uliofanyika sehemu nyingi nchini, haukugusa jambo hilo la kipimo. Tena mtungi huo wenye jiko kichwani ni wa familia. Bandika juu yake sufuria ya ugali wa watu arobaini, shika mwiko usonge, uone unavyoyumba. Kibanda kinahitaji jiko pana la chuma lililokaa chini, na mtungi pembeni. Katazo la kuni na mkaa lililoanza Januari 2024 lililenga taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku. Vibanda vidogo vilibaki vya kushawishiwa, hata kama mkakati wa taifa uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034.

Halafu kuna chakula chenyewe. Wali hupaliwa makaa juu ya mfuniko, na ndizi na nyama za kuchoma zinataka mkaa. Anayemwambia mpishi atupe jiko la mkaa anamharibia biashara. Muuzaji aombe sufuria moja tu ihamie kwenye gesi, ile inayokaa motoni muda mrefu, na Moshi hiyo ni makande au mtori. Hapo jiko la umeme la presha huenda likaipita hata gesi. Bei ya uniti kwa watumiaji wa kawaida wa TANESCO ni shilingi 292 kabla ya kodi na tozo. Hata likila uniti nzima kwa mpiko mmoja, gharama haifiki shilingi 400. Udhaifu wake ni udogo: majiko mengi ni ya lita tano au sita, kwa hiyo mpishi apike kwa awamu tangu alfajiri.

Vijijini mlimani, kama Kibosho na Marangu, ni habari nyingine. Msitu wa Mlima Kilimanjaro uliingizwa kwenye Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, lakini kuni za matawi ya migrevilea bado zinapatikana kihambani bila kutoa senti. Muuzaji aanze mjini, mkaa unakonunuliwa kwa fedha taslimu, na kampuni imlipe kamisheni kwa kila mtungi unaorudi kujazwa. Akilipwa kwa mitungi aliyogawa tu, hana sababu ya kurudi kibandani kuuliza kwa nini jiko limewekwa uvunguni.