Gesi Inavyobaki Ndani ya Soda

"Moto au baridi?" Muuza duka huuliza hivyo kabla hajagusa kreti. Mteja hujibu kwa kupenda kwake, lakini jibu lake ndilo linaloamua ni gesi kiasi gani itafika ulimini na kiasi gani itapotea na povu.

Gesi hiyo ni hewa ukaa, na hapa nchini ipo inayochimbwa. Wilayani Rungwe, mkoani Mbeya, jirani na volkano ya Kyejo, inapanda yenyewe kutoka chini ya ardhi. Kampuni ya TOL Gases, ya kwanza kuorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 1998, huivuna visimani, huisafisha na kuigeuza kimiminika kwa ajili ya viwanda vya vinywaji. Kenya nako Carbacid huichimba Kereita, karibu na Limuru. Kuigeuza kimiminika kuna masharti yake: mgandamizo ukiwa chini ya mara tano ya ule wa hewa tunayovuta, haiwi kimiminika hata uipoze vipi. Itaganda tu kuwa barafu kavu.

Kiwandani kazi yote inafuata kanuni aliyoitoa Mwingereza William Henry mwaka 1803: kadiri gesi inavyokandamizwa juu ya maji, ndivyo inavyoyeyuka nyingi ndani yake. Joto hulipinga jambo hilo. Chini ya gesi yenye mgandamizo wa kawaida, lita ya maji ya nyuzi 0 hubeba takriban gramu 3.3 za hewa ukaa. Maji yakifika nyuzi 30, hubeba gramu 1.3 tu. Kwa hiyo maji hutolewa kwanza hewa ya kawaida, hupozwa, ndipo hutiwa gesi.

Hatua ya kujaza chupa ndiyo ninayoistaajabia kuliko zote. Ukimimina soda ndani ya chupa tupu, itafoka. Mashine basi huijaza chupa gesi kwanza, mpaka mgandamizo wake ulingane na ule wa tangi. Hapo soda hushuka kwa uzito wake, imetulia. Baadaye mgandamizo huachiwa taratibu na kizibo hubanwa, kizibo kile kile cha bati alichobuni Mmarekani William Painter mwaka 1892, ambacho leo kina meno 21.

Tuseme soda ina gramu 7 za gesi kwa lita, kiwango cha kawaida kwa kola. Ikiwa na nyuzi 5, mgandamizo ndani ya chupa ni kama mara mbili na nusu ya ule wa nje. Katika joto la mchana la nyuzi 30 unapanda hadi mara tano na nusu. Gesi haijaongezeka hata chembe. Maji tu yameshindwa kuishika. Ukifungua, inatoka kwa pupa. Na ikiwa kreti imetoka kuruka kwenye makorongo nyuma ya bodaboda, vipovu vidogo vimesambaa ndani, na kila kimoja kinakuwa mlango wa gesi nyingine kutokea.

Wengi hudhani vipovu ndivyo vinavyochoma ulimi. Sivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kimeng'enya kilichopo kwenye ulimi hugeuza hewa ukaa kuwa asidi, na asidi hiyo ndiyo tunayoionja. Wapanda Kilimanjaro wanaomeza Diamox kujikinga na maradhi ya mwinuko huikuta soda imepooza, kwa sababu dawa hiyo hukizuia kimeng'enya hicho.

Kwa duka lisilo na friji, nashauri chupa ya kioo. Plastiki hupitisha gesi polepole kwenye kuta zake, na joto huharakisha; kioo hakipitishi. Kreti ikae kivulini, soda iliyotoka safarini iachwe itulie ikiwa wima kabla ya kuuzwa, na kizibo kifunguliwe kidogo kidogo. Mwenye maji ya mtungi anaweza kuitumbukiza chupa humo kwa muda: kila nyuzi inayoshuka inabakiza gesi zaidi ndani ya kinywaji alicholipia mteja.