Shingo ya Buti Hailindi Kifundo Peke Yake

Mtihani wa kifundo cha mguu kwenye Kilimanjaro ni kushuka. Apandaye kwa njia ya Machame hushuka kwa ile ya Mweka: kutoka kilele cha Uhuru, mita 5,895, hadi kambi iliyo kwenye kimo cha mita 3,100 hivi, siku ileile. Ni changarawe legevu, kisha mawe. Kesho yake mizizi na tope la msituni.

Kwenye mteremko vidole hutangulia kuelekea chini. Ule mfupa ulio juu ya kisigino, uliobanwa na ncha za mifupa miwili ya muundi, ni mpana mbele na mwembamba nyuma. Vidole vikiinama, sehemu nyembamba ndiyo inayoingia kwenye tundu, na kiungo hulegea. Hapo jiwe dogo likiinua ukingo wa ndani wa wayo, mguu hupindukia nje na mzigo wote huangukia kano za upande huo. Ya mbele ndiyo huchanika kwanza.

Kwa hiyo watu huenda mjini Moshi kukodi buti lenye shingo ndefu, wakaridhika. Ushahidi hauwaungi mkono sana. Mwaka 1991 mtafiti Milgrom na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti wa askari wapya 390 wa Israeli, baadhi wakiwa na buti za jeshi, wengine na viatu vya mpira wa kikapu. Idadi ya walioteguka haikutofautiana kwa kiasi cha maana. Mwaka 1993, Marekani, wachezaji 622 wa kikapu waligawiwa viatu vya shingo ndefu na fupi: tofauti ya maana haikuonekana tena. Uwanja wa kikapu si mlima, nakubali, lakini mguu hupinduka kwa namna ileile.

Shingo laini hujikunja pamoja na mguu. Faida yake ni kuzuia changarawe na mikwaruzo, basi. Mimi ningeanza na kisigino. Buti la kukodi likiwa kubwa, mguu hupinduka humo ndani huku buti limesimama wima! Tatizo ni kwamba vidole navyo vinahitaji nafasi ya kushukia, la sivyo kucha zitapasuka. Dawa iko kwenye kamba: zungusha mara mbili pale mguu unapokunjikia, kaza, ndipo uendelee kufunga kuelekea juu. Kisigino kitatulia, vidole vitapumua.

Halafu soli. Soli nene na laini huinua mguu mbali na ardhi, na kadiri ulivyo juu ndivyo jiwe linavyopata nguvu ya kuupindua. Shika buti kisiginoni na kwenye ncha, lisokote kama anayekamua nguo. Likisokotoka kwa urahisi, lirudishe.

Aliyewahi kuteguka yumo hatarini zaidi kuliko wengine. Huyo avae bandeji ngumu ya kifundo ndani ya buti, na wiki kadhaa kabla ya safari awe anasimama kwa mguu mmoja kila siku, hata akipiga mswaki.