Mafuta Yaliyopikwa Mara 101

Huko Kerala, kusini-magharibi mwa India, mpishi wa mafuta ya dawa husikiliza kabla ya kuepua. Huchota kwa mwiko rojo kidogo lililotua chini ya sufuria, hulifikicha kati ya kidole gumba na cha shahada mpaka liwe utambi mwembamba, kisha huugusisha motoni. Ukitatarika, maji bado yamo na kazi inaendelea. Ukiwaka kimya, maji yamekwisha na dawa imebaki ndani ya mafuta.

Sikio peke yake halitoshi. Mafuta ya ufuta yakikaribia kuiva hutoa povu, ilhali samli hufanya kinyume: povu lake hutulia. Mpishi asiyejua tofauti hiyo ataepua moja mapema na nyingine atachelewa. Kisha yapo maneno ya vidole. Rojo likiwa laini na bado lina unyevu kidogo, mafuta ni machanga, yanafaa kutiwa puani. Likifinyangika bila kunata, yameiva kwa kunywewa. Likianza kukauka na kuwa gumu, yanafaa kuchulia mwili. Likipita hapo limeungua, na kilichomo sufuriani si dawa tena. Kutoka hatua moja hadi nyingine ni muda mfupi sana, na muda huo huja baada ya siku kadhaa za kukoroga, kwa kuwa vitabu vya zamani vya Ayurveda, elimu ya kale ya tiba ya India, vinakataza kumaliza mafuta au samli kwa siku moja. Hupikwa, hulazwa, hupikwa tena.

Mafuta ninayoyafikiria zaidi yanaitwa kshirabala. Viungo vyake ni vitatu tu: mizizi ya mmea uitwao bala, maziwa, na mafuta ya ufuta. Hutumiwa kwa maumivu ya mishipa na ya viungo. Yapo yanayopikwa mara moja, na yapo yanayopikwa mara 101. Kila mara mafuta huchujwa, yakarudishwa motoni na mizizi mipya na maziwa mapya, hadi chupa ndogo ibebe kazi ya miezi. Na bala wenyewe, Sida cordifolia kwa jina la wataalamu wa mimea, ni gugu la kandokando ya njia. Jamaa zake tunao tele Afrika Mashariki. Vijijini hung'olewa na kufungwa mafagio ya kufagilia uwanja.

Hapo ndipo heshima yangu kwa ufundi huu inapoanzia. Ukipitia orodha ya mitishamba ya Ayurveda unakutana na majirani. Ndago, inayomtoa mkulima jasho kila msimu kwa kuwa haiishi shambani hata uilimie vipi, kule huchimbwa viazi vyake vidogo vyenye harufu nzuri kwa ajili ya homa na tumbo. Mbigiri, inayochoma nyayo za watoto na kutoboa matairi ya baiskeli, ni mmoja wa mimea kumi ambayo mizizi yake hupikwa pamoja katika dawa maarufu iitwayo dashamula. Mwarobaini na mlonge, ambayo leo tunaiita miti yetu, ilitoka upande ule wa bahari. Tofauti ya gugu na dawa haikuwekwa na udongo. Imewekwa na watu waliokaa na mmea kwa vizazi wakiuliza mambo madogomadogo: sehemu ipi, mwezi gani, kiasi gani, moto wa namna gani.

Wabudha wana masimulizi ya Jivaka, kijana aliyekwenda Taxila kujifunza utabibu. Baada ya miaka 7 mwalimu wake alimtuma azunguke mji na kuleta mmea wowote usio na faida kwa tiba. Akazunguka, akarudi mikono mitupu, na kwa kurudi mikono mitupu akawa amefaulu. Watu hulipenda simulizi hili kwa sababu linausifu msitu. Mimi naona linamsifu mwanafunzi zaidi. Kuutazama kila mmea mpaka ukujibu ni kazi ya miaka.

Charaka, ambaye kitabu kinachobeba jina lake ni mojawapo ya misingi ya elimu hii, anakiri kwamba wachunga mbuzi, wachunga ng'ombe na watu wa msituni wanaijua mimea kwa majina na kwa sura. Lakini kwake hilo ni nusu ya safari, kwa sababu kuujua mti ni jambo moja na kujua umpe nani, lini, ni jambo jingine. Anapanga hata mavuno. Majani huchumwa wakati wa mvua na majira ya kuchipua. Mizizi huchimbwa majani yanapokuwa yamepukutika, joto au baridi ikiwa imeulaza mti. Magome na viazi vya ardhini vina majira yao baada ya masika, na moyo wa mti hukatwa mwanzo wa baridi. Mvunaji aende akiwa safi, na asichukue mmea ulioota kwenye kichuguu au mahali pa kuchomea maiti. Baadhi ya masharti hayo ni ya dini, na sioni haja ya kuyatenga na yale ya kilimo. Yote yalimlazimisha mtu atazame kabla ya kukata.

Chombo cha kwanza cha tabibu huyu kilikuwa ulimi. Ayurveda inahesabu ladha sita: tamu, chachu, chumvi, chungu, ya kuwasha, na ukakasi. Kila moja inasemekana kuwa na kazi yake mwilini, na mwanafunzi hana budi kuzijua mdomoni kabla ya kuzijua kitabuni. Chukua triphala, unga wa matunda matatu yaliyokaushwa: amla, haritaki na bibhitaki. Tia kidogo kwenye ulimi. Kwanza unakuja ukakasi unaobana mashavu, kama wa ndizi mbichi. Nyuma yake uchungu, halafu uchachu wa amla unaokusanya mate. Haritaki na amla kila moja inahesabiwa kuwa na ladha tano kati ya zile sita. Iliyokosekana ni chumvi tu. Ukitafuna amla mbichi kisha ukanywa maji, maji yale yanakuwa matamu. Hakuna sukari iliyoongezwa. Watoto wa India wanalijua jambo hilo kama mchezo, na tabibu analijua kama dalili kwamba utamu ulikuwa umejificha ndani ya ukali.

Kuchemsha nako kuna sheria. Mizizi migumu hupondwapondwa, isisagwe kuwa unga; huwekwa sehemu 1 ya dawa kwa sehemu 16 za maji, chombo kikiwa wazi bila mfuniko, moto mdogo, mpaka maji yabaki sehemu 2. Upishi wa mafuta una hesabu nyingine: sehemu 1 ya dawa iliyosagwa, 4 za mafuta, 16 za maji ya dawa. Kazi hiyo yote zamani ilifanyika nyumbani. Tabibu aliandika orodha, jamaa wa mgonjwa wakaenda kutafuta, mama wa nyumba akasimama jikoni tangu alfajiri. Mwaka 1902 P. S. Varier alifungua Arya Vaidya Sala katika mji wa Kottakkal, akaanza kuuza dawa zikiwa zimekwisha kupikwa na kutiwa chupani. Wapo waliohofu kwamba ufundi ungefia kiwandani. Haukufa. Kitabu cha serikali ya India cha michanganyiko ya dawa hizi bado kinaeleza jaribio la utambi na la povu, na mfanyakazi aliye mbele ya sufuria kubwa la kisasa bado analazimika kuvichafua vidole vyake.

Haukufa, lakini umejeruhiwa, na anayeipenda kazi hii hana haki ya kulinyamazia jambo hilo. Mwaka 2003 watafiti walinunua dawa 70 za Ayurveda katika maduka ya eneo la Boston, Marekani, wakazipima. Dawa 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki kwa viwango vya kutisha. Ipo desturi ndani ya Ayurveda ya kutumia madini yaliyochomwa, na wenyewe husema yakichomwa ipasavyo hayadhuru. Mimi siwezi kumshauri mtu yeyote ameze risasi kwa hoja hiyo, achilia mbali mama mjamzito au mtoto. Elimu hii ina hazina nyingine ya kujivunia, nayo ni jinsi ilivyojifunza kuikabili sumu ya mimea. Mzizi wa vatsanabha, unaotoka milimani na unaoweza kuua kwa kipande kidogo, hauruhusiwi kuingia katika dawa yoyote kabla ya kuandaliwa kwa muda mrefu, mojawapo ya njia ikiwa kuuchemsha katika maziwa ya ng'ombe. Maabara za leo zimeonyesha kwamba kuchemsha huko kunaivunja ile sumu kali ikawa hafifu. Watu wasiokuwa na hadubini waliugundua ukweli huo, wakauandika kama sharti. Anayeruka sharti kwa haraka ya soko hawezi kujificha nyuma ya jina la Charaka.

Ufundi huu una mashahidi wengi, na nimjuaye vizuri kuliko wote ni Itty Achudan. Katika miaka ya 1670 Waholanzi walikuwa wameishika Kochi, huko huko Kerala, na gavana wao Hendrik van Reede alitaka kuijua mimea ya Malabar, yaani pwani ile. Hakuwategemea Wazungu peke yao. Alikusanya wenyeji, wakiwemo matabibu watatu Wabrahmani, Ranga Bhat, Vinayaka Pandit na Appu Bhat. Na pamoja nao Itty Achudan, tabibu wa jamii ya Ezhava. Jamii hiyo ilidharauliwa katika ngazi za matabaka ya wakati ule, na wengi wake walikuwa wagema wa mnazi. Msomaji wa Pwani anajua mgema anaona nini akiwa juu ya mti. Itty Achudan alikuwa na vitabu vya ukoo wake na kichwa kilichojaa, akatoa ushahidi wake kwa Kimalayalam mwaka 1675. Kazi ile ikachapishwa Amsterdam kati ya 1678 na 1693 katika majuzuu 12 yenye michoro mikubwa ya shaba, ikaitwa Hortus Malabaricus. Linnaeus, baba wa majina ya mimea ya leo, aliitegemea sana. Jina la yule tabibu limo ndani, na ushahidi wake umechapwa kwa maandishi ya kwao.

Kitabu kiliandikwa kwa Kilatini, kwa hiyo wajukuu wa waliokitoa hawakuweza kukisoma kwa zaidi ya miaka 300. Ni K. S. Manilal, profesa wa mimea wa Kerala, aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kukirudisha. Alijifunza Kilatini, akaenda mwenyewe kuitafuta mimea ile ile katika maeneo yale yale, akachapisha tafsiri ya Kiingereza mwaka 2003 na ya Kimalayalam mwaka 2008.

Hospitali nazo zimekula matunda ya elimu hii. Mzizi wa sarpagandha, Rauvolfia serpentina, ulitumiwa India tangu zamani kwa wenye wazimu na waliokosa usingizi. Mwaka 1949 Rustom Jal Vakil, daktari wa moyo wa Bombay, alichapisha katika jarida la Uingereza matokeo yake ya kuwatibu kwa mzizi huo wagonjwa wa shinikizo la damu. Mwaka 1952 wanakemia wa kampuni ya Ciba huko Basel walitenga kutoka humo dawa iitwayo reserpini, moja ya dawa za mwanzo za shinikizo la damu duniani. Mahitaji yakapanda, mzizi wa India ukawa adimu, wanunuzi wakamgeukia ndugu yake wa Afrika, Rauvolfia vomitoria, akachimbwa na kumenywa magome katika misitu ya Kongo. Ndugu wa tatu yuko Kilimanjaro. Wachaga wanamwita msesewe, na gome lake chungu hutiwa katika mbege.

Uadimu huo haujakwisha. Qustul hindi, inayouzwa katika maduka ya dawa za Sunna kuanzia Mombasa hadi Kariakoo, ni mzizi wa mmea wa Himalaya ambao leo uko katika orodha kali kuliko zote ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Wauzaji wachache wanajua hilo, na wateja ni wachache zaidi. Sharti la Charaka la kuchimba mizizi mmea ukishamaliza majira yake lilimpa mmea nafasi ya kuangusha mbegu. Soko halina subira hiyo.

Kwetu Tanzania, Muhimbili imekuwa ikitafiti tiba asili tangu mwaka 1974, na kazi imefanyika. Bado pakiti nyingi za unga wa mlonge na mwarobaini zinazouzwa stendi na mitandaoni zina orodha ndefu ya magonjwa na hazina neno kuhusu kipimo, mwezi wa mavuno, wala kama kilichomo ni jani, gome au mzizi. Ningetamani siku moja ninunue pakiti yenye magonjwa mawili na maelezo kumi ya matayarisho. Na ningetamani kitabu kikubwa cha miti ya Usambara na Uluguru, kwa Kiswahili na kwa lugha za wenyewe, chenye michoro, vipimo na majira, kikiandikwa wakati wazee wanaoijua bado wanaweza kupanda mlima kuionyesha, na majina yao yakiwa katika kurasa za kwanza.