Wageni wa Ayubu

Tunapohimizana kwenda kuwaona wagonjwa, wazee na wapweke, aghalabu tunakumbushana Injili ya Mathayo, sura ya 25, ambamo Bwana anajihesabu miongoni mwa wagonjwa waliotazamwa. Sura hiyo yatuhimiza twende. Haituambii tukifika tufanye nini. Kwa jambo hilo, kitabu chenye mafunzo mengi zaidi, kwa maoni yangu, ni Kitabu cha Ayubu.

Wengi wetu tumezoea kukisoma kama kitabu cha subira. Namwomba msomaji akisome tena kama habari ya watu waliokwenda kumwona mgonjwa, maana sehemu kubwa ya sura zake 42 ni maneno yaliyosemwa mbele ya mtu aliyeketi majivuni akijikuna vidonda. Elifazi, Bildadi na Sofari wanatoka kila mmoja kwake, wanapatana, wanafika pamoja. Wakimwona kwa mbali hawamtambui. Wanalia, wanararua mavazi yao, kisha wanaketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila ya mtu kumwambia neno, kwa kuwa wameona maumivu yake ni makubwa mno. Katika kitabu kizima hakuna ziara iliyo njema kuliko hiyo.

Kilichoiharibu ni ufasaha. Ayubu anapofungua kinywa na kuilaani siku aliyozaliwa, wenzake wanaona wajibu wao ni kumjibu. Hapa mwandishi ni stadi kweli, kwani hakuwatia upuuzi midomoni. Mengi wasemayo yangefaa mimbarini: Mungu ni wa haki, mwanadamu na atubu, naye atarehemewa. Ila ni majibu ya swali ambalo mgonjwa hakuliuliza. Elifazi anaanza kwa upole. Kufikia sura ya 22 anamsingizia Ayubu kwamba aliwanyima maji wenye kiu na kuwafukuza wajane mikono mitupu. Kwa nini mfariji amegeuka mshitaki? Ayubu ameshalisema katika sura ya 6: wameingiwa na hofu. Iwapo mgonjwa hana kosa, basi na mzima hana kinga.

Nimefundisha walimu miaka mingi, nami naijua tabia hiyo. Mwalimu asiyestahimili ukimya wa mwanafunzi humjibia. Vivyo hivyo kando ya vitanda vya wagonjwa: anayeumwa huambiwa aungame, mzee aliyefiwa huambiwa asilie, kisha wageni huaga wakiwa wametulia wao. Kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake.

Katika sura ya mwisho Mungu anawakemea hao watatu waliojidai kumtetea, na ni mgonjwa anayewaombea. Hata hivyo tusiwadharau. Ni baada ya Ayubu kurudishiwa mali ndipo ndugu zake na wote waliomjua zamani wanapokuja kula naye, kila mmoja na kipande cha fedha na pete ya dhahabu. Majivuni hawakuonekana, katika sura ya 19 tulikwisha kumsikia akilalamika kwamba jamaa zake wamemwacha. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na hao watatu, pamoja na makosa yao, walikuja.

Dosari moja naiona katika kitabu hiki. Mke wa Ayubu alizika watoto kumi wale wale, lakini amepewa kauli moja tu, ya uchungu, katika sura ya 2, na wahubiri hawakomi kumlaumu kwa hiyo. Hakuna mgeni aliyeketi naye hata siku moja. Hatuambiwi nani alimpa mgonjwa maji usiku. Majumbani mwetu tunamjua: ni mke, binti au mkwe, ambaye wageni humpita mlangoni wakiuliza mgonjwa yuko wapi. Anayekwenda kumwona mgonjwa na aanze kwa kumsalimu huyo, amwulize kama amelala, na akiweza, akae yeye na mgonjwa ili mwenzake apumzike.