Tajiri Anapoomba Kura: Funzo la Filamu ya "Citizen Kane"

Kila tunapoijadili filamu ya Citizen Kane na wanafunzi wetu, wapo wanaomwonea huruma tajiri yule. Huruma hiyo yafaa ichunguzwe, maana kiongozi wa siasa asiyejua anamhurumia nani na kwa nini, hatakawia kupotoka.

Filamu hiyo ya Orson Welles ilitolewa Marekani mwaka 1941. Charles Foster Kane ni mtoto wa mama mwenye nyumba ya wageni huko Colorado. Mpangaji aliyeshindwa kulipa aliacha hati ya mgodi, na mgodi ukawa utajiri mkubwa. Kijana alipokua alishika gazeti la New York, akachapa ahadi ya kuwatetea wanyonge, kisha akagombea ugavana. Alishindwa baada ya siri yake na mwanamke wa nje kufichuliwa. Watazamaji wa siku hizo walimtambua ndani yake William Randolph Hearst, mwenye magazeti aliyeshindwa uchaguzi wa ugavana wa New York mwaka 1906. Magazeti ya Hearst yalikataa kuitangaza filamu hiyo.

Tuanze na sifa zake. Mlezi wa Kane, mwenye benki aitwaye Thatcher, anamkumbusha kwamba gazeti lake linaishambulia kampuni ya usafiri ambayo yeye mwenyewe anamiliki hisa zake 82,364. Kane anajibu kwamba yeye ana fedha na mali. Asipowatetea wanyonge, huenda akatokea wa kuwatetea asiye na mali. Hapo tajiri ametoboa siri. Hasemi kwamba anachukia unyonyaji. Anasema ni salama zaidi malalamiko ya wanyonge yakishikwa na mwenye mali kuliko yakishikwa na wanyonge wenyewe.

Usiku wa kushindwa, rafiki yake Leland anamweleza kwamba huwazungumzia watu kana kwamba ni mali yake, na kwamba wafanyakazi wakishaungana watadai haki, wala si zawadi. Siku hiyo hatawapenda tena. Usiku huohuo gazeti lilikuwa na vichwa viwili tayari: kimoja cha ushindi, kingine cha kudai kura zimeibwa. Kikachapwa cha pili. Mwenye gazeti hashindwi, huibiwa!

Lakini baada ya kufika hapo filamu inarudi nyuma. Mwisho wake tunaonyeshwa moto ukiteketeza kigari cha mbao alichotelezea juu ya theluji utotoni, tuelewe kwamba Kane aliharibika kwa kutengwa na mama yake. Tunakiri kwamba majonzi ya mtoto ni majonzi. Hata hivyo, hayaelezi hisa zile. Wanaosimulia maisha yake ni mwenye benki, meneja wa gazeti, rafiki, mke wa pili na mtumishi wa jumba lake. Mchimbaji wa mgodi, ambaye jasho lake ndilo lililogharimia gazeti, kampeni na jumba, hakuulizwa neno. Laiti angeulizwa, tungetoka na huruma nyingine.

Ndugu zetu makada watasema hayo ni ya Marekani. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni yoyote, kwa sababu lilijua kwamba mtu hawezi kuwatumikia mabwana wawili. Masharti hayo yalilegezwa huko Zanzibar mwaka 1991. Sharti likilegezwa, kazi ya kuuliza inabaki mikononi mwa wanachama.

Basi tajiri akija kuomba kura, tusihesabu misaada aliyotoa, wala tusivutwe na machozi ya utoto wake. Tumuulize ana hisa wapi, na siku wafanyakazi wa huko watakapodai haki yao, atasimama upande gani.